Komanda: kolibri wa hapa si kolibri. Namna ya kutofautisha chozi wawili

Wakaaji wengi wa Komanda wakiona ndege mudogo, mwenye mudomo murefu uliopinda, akinyonya maua, wanamuita kolibri. Ni jina lenye walitoa ku masomo, mu vitabu vya Kifaransa. Lakini kolibri wa kweli anaishi Amerika tu. Mwenye anaonekana hapa ni chozi, ao suimanga kwa Kifaransa.

Hawa wawili si jamaa moja. Wanafanana juu ya kazi yao: kunywa maji matamu ya maua. Kolibri anasimama hewani akipiga mabawa mbio sana. Chozi naye anaweza kufanya vile kidogo, lakini kawaida anashika tawi kwanza, kisha ananyonya.

Komanda iko ku njia panda ya barabara za Bunia, Mambasa na Beni. Upande mumoja kuna nchi ya majani, upande mwingine pori kubwa ya Ituri inaanza. Kila upande una chozi wake.

Chozi kifua-chekundu (Chalcomitra senegalensis)

Huyu anapenda mahali pa wazi: bustani, kando ya mashamba, miti ya mu parseli. Dume ni mweusi-kahawia, kifua chekundu cha kungaa, na kijani ku paji la uso na ku koo. Anakaa juu kabisa ya muti na kuimba kwa nguvu. Jike hana ile nyekundu. Ni kahawia tu. Njo maana watu wanafikiri ni ndege wa aina ingine.

Chozi wa zeituni (Cyanomitra obscura, wengine wanamuweka chini ya jina olivacea)

Huyu ni wa pori na kivuli. Dume na jike wote ni rangi ya kijani iliyofifia, bila kungaa. Dume ana manyoya kidogo ya manjano pembeni ya kifua, yenye anaficha chini ya bawa. Mara mingi unamusikia mbele ya kumuona. Anapenda pia maua ya ndizi zenye ziko karibu na pori.

Kwa kimo wanakaribiana, santimeta 13 mupaka 15 hivi. Wote wanakula pia wadudu na buibui, na hawaharibu mavuno. Jike njo anajenga kiota chenye kuninginia, anakifunga na utando wa buibui. Kawaida anataga mayai mawili.

Sababu gani kuwachunga?

Chozi akiingiza kichwa mu ua, vumbi la ua linabaki ku manyoya yake, na anapeleka ku ua lingine. Miti na mimea mingi inazaa mbegu kwa njia hiyo. Kakao haiko kati yao: ile inategemea vijidudu vidogo sana.

Aina zote mbili haziko mu hatari ya kuisha duniani. Lakini pori ikikatwa kwa mashamba, mbao na makala, hawapati hasara sawa. Kifua-chekundu anaweza kuzoea bustani. Wa zeituni anahitaji kivuli, kikiisha, anaondoka. Kuacha miti mikubwa katikati ya kakao na kando ya mito kunamusaidia kubaki. Na watoto wenye manati waambiwe: ndege huyu hana nyama ya kushibisha mutu.