Kanisa Katoliki Mongolia: Historia Fupi na Neno la Shukrani

Tarehe 10 Julai 1992, siku moja kabla ya sikukuu ya taifa ya Naadam, mapadre watatu waliwasili Ulaanbaatar. Hawakukuta parokia wala kanisa, wala Mmongolia Mkatoliki wa kuwapokea. Leo Mongolia ina kanisa kuu, mapadre wazalendo na kardinali. Tunaandika kurasa hizi chache kuwashukuru walioanza, ili wanaokuja wasije wakadhani kwamba kazi hii ilianza yenyewe.

Kabla ya mwanzo

Wamongolia na Injili si wageni. Tangu karne ya 11 Kanisa la Mashariki lilikuwa na waumini miongoni mwa Wakereit, na baadaye miongoni mwa makabila mengine ya nyika. Sorghaghtani Beki, mkwe wa Genghis Khan, alikuwa Mkristo wa Kikereit, naye ndiye mama wa Möngke, Kublai na Hülegü. Mwaka 1254 Mfransiskani William wa Rubruck alijadiliana huko Karakorum, mji mkuu wa makhan, na Waislamu na Wabudha, kwa amri ya Möngke Khan mwenyewe. Kublai naye aliwatuma akina Polo wakamwombee kwa Papa wasomi mia moja wa dini. Wakapatikana Wadominikani wawili tu, waliofunga safari mwaka 1271, nao wakageuza njiani.

Je, kama wangefika wote mia? Lau khan mmoja angebatizwa na watu wake wakamfuata, dola iliyoenea kutoka Bahari ya Pasifiki hadi Bahari Nyeusi ingekuwa ya Kikristo. Huenda Baghdad na Beijing zingekuwa na historia nyingine kabisa, na Wakristo wengi wa dunia wangekuwa Waasia. Sisi tunaoipenda Mongolia tumeyawaza hayo mara nyingi. Haikuwa hivyo. Huko Uajemi, khan Ghazan alisilimu mwaka 1295. Huko Khanbaliq, Beijing ya leo, Giovanni wa Montecorvino, askofu mkuu wa kwanza, alijenga kanisa lenye mnara wa kengele tatu, lakini dola ya Yuan, ya Wamongolia huko China, ilipoanguka mwaka 1368 kazi yake ikaanguka nayo. Karne ya 16 Ubudha wa Tibet ukashika mizizi nyikani. Somo tunalolichukua ni moja: imani inayotegemea kivuli cha mfalme huondoka na mfalme.

Scheut, Mongolia na Kongo

Mwaka 1862 Padre Théophile Verbist alianzisha Shirika la Moyo Safi wa Maria huko Scheut, karibu na Brussels, kwa nia ya kwenda China na Mongolia ya Ndani. Alifika, akafanya kazi muda mfupi, akafariki huko huko mwaka 1868. Wanashirika wake hawakurudi nyuma. Mwaka 1888 wakaingia Kongo pia, na ndiyo maana Wakongo wengi wanalijua jina la Scheut kama jina la nyumbani. Mwaka 1922 Roma iliunda misheni kwa ajili ya Mongolia ya Nje, yaani Mongolia ya leo, na kuikabidhi kwa shirika la Scheut, lakini utawala wa kikomunisti ulifunga mlango. Kwa miaka 70 misheni hiyo ilibaki kwenye karatasi na katika sala za wazee.

Watatu wa kwanza

Ukomunisti ulipoondoka, Mongolia ilipata katiba mpya iliyotambua uhuru wa dini, na Aprili 1992 ikaanzisha uhusiano wa kibalozi na Vatikani. Miezi mitatu baadaye wakaingia watatu wa shirika la Scheut: Padre Wenceslao Padilla, Mfilipino aliyekuwa ametumikia Taiwan kwa miaka mingi, pamoja na Padre Gilbert Sales, Mfilipino mwenzake, na Padre Robert Goessens kutoka Ubelgiji. Ni vigumu kumwandika Padre Padilla bila moyo kuchangamka. Alikuwa mtu wa subira. Misa za mwanzo zilisomwa katika nyumba za kupanga, na waliohudhuria wengi walikuwa wageni wa balozi. Mapadre wenyewe walikaa darasani wakijifunza lugha, wakati nje halijoto ikishuka chini ya nyuzi hasi 30.

Padre Sales alikutana na jiji lenyewe, chini ya barabara zake. Msaada wa Kisovieti ulikuwa umekatika, kazi zimeadimika, familia zimetawanyika. Watoto walihamia kwenye mashimo yanamopita mabomba ya maji moto ya kupashia majengo joto. Unafunua mfuniko wa chuma katikati ya theluji, mvuke unapanda, na ndani kuna watoto wamejibanza juu ya mabomba, ngozi zimeungua upande mmoja na kuganda upande mwingine. Kwa ajili yao kikaanzishwa mwaka 1995 Kituo cha Verbist, chenye kitanda, chakula, shule na mtu mzima wa kuwaita kwa majina. Wamongolia wengi walilijua Kanisa kwanza kupitia watoto hao, kabla ya kusikia mahubiri yoyote.

Palikuwepo vipindi vya vibali kuchelewa, vya kutoeleweka, na vya uchovu. Tumshukuru Mungu, vilipita, na uhusiano na serikali ukakomaa.

Mwaka 2003 Padilla aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Mongolia, na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo likabarikiwa. Limejengwa la duara, kwa umbo la ger, hema la wafugaji, hivi kwamba mzee wa nyikani akiingia hajioni yuko ugenini.

Humo imewekwa sanamu ya Bikira Maria ya mbao, inayopendwa kuliko zote. Mama mmoja wa mji wa Darkhan, ambaye hakuwa Mkristo, aliiokota jalalani akitafuta riziki, akaipeleka nyumbani kwake na kuitunza. Mbele ya sanamu hiyo nchi yote iliwekwa chini ya ulinzi wa Maria tarehe 8 Desemba 2022.

Miaka ya karibuni

2002: Misheni inakuwa Prefektura ya Kitume.
2003: Wamisionari wa Consolata, wale waliofika Kenya mwaka 1902 na Tanganyika mwaka 1919, wanaingia Mongolia.
2006: Consolata wanaanza kazi katika mji wa Arvaikheer.
2016: Joseph Enkh-Baatar, padre wa kwanza mzalendo.
2018: Askofu Padilla anafariki dunia.
2020: Padre Giorgio Marengo wa Consolata anateuliwa kuwa Prefekti wa Kitume.
2021: Padre wa pili mzalendo.
2022: Marengo anakuwa kardinali akiwa na miaka 48, mdogo kuliko makardinali wote wa wakati huo.
2023: Ziara ya Baba Mtakatifu Fransisko.

Katika ziara hiyo Baba Mtakatifu alimkabidhi Rais wa Mongolia nakala ya barua ya mwaka 1246, ambayo Güyük Khan alimwandikia Papa Innocent IV akimtaka aje kumsujudia. Miaka 777 baadaye Papa alikuja kweli, akaonja maziwa yaliyokaushwa aliyopewa na binti wa Kimongolia, akawasalimu waumini wapatao 1,450 katika taifa la watu zaidi ya milioni tatu.

Makhan wangeweza kulibatiza taifa zima kwa siku moja. Hawa 1,450 waliingia mmoja mmoja, kwa hiari, wakijua wanachokipokea, na sisi tunaona Mongolia haikupoteza kitu kwa kusubiri. Miongoni mwa waliowahudumia wamo pia wana wa Afrika, Wakongo wakiwemo. Msomaji, waombee, na ukiwa na kijana mwenye wito wa umisionari, usimzuie kwenda mbali.