Mabingwa Wasio na Uwanja: Tarehe ya Klabu za Spidiwei za Uingereza

Mwaka 2018 klabu ya Workington Comets, kutoka mji mdogo wa pwani ya Cumbria, ilinyakua ubingwa wa daraja la pili la ligi ya spidiwei, na kombe juu yake. Msimu wa 2019 ulipofunguliwa, Workington haikuwamo. Haikushushwa daraja wala haikufungiwa na mtu. Wenyewe waliiweka kando kwa sababu hesabu zilikataa. Mwaka huohuo wa 2019 Swindon Robins walitwaa ubingwa wa daraja la juu, na hawakushindana tena katika ligi hiyo. Peterborough Panthers wakalichukua taji mwaka 2021. Miaka miwili baadaye wakapoteza uwanja. Mchezo unaowazika mabingwa wake wakiwa na vikombe mkononi unastahili kuandikiwa tarehe, na tarehe yenyewe ni ya fedha na ardhi kuliko ya pikipiki.

Kwa asiyeijua, spidiwei ni mbio za pikipiki za cc 500 zenye gia moja na zisizo na breki kabisa. Waendeshaji wanne, wawili kutoka kila timu, hujipanga nyuma ya utepe. Utepe ukifyatuka huzunguka mara nne njia ya duara refu iliyotandikwa changarawe laini, na kwenye kona huilaza pikipiki na kuliacha gurudumu la nyuma liteleze kwa makusudi. Kila mbio huisha kwa takriban dakika moja. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hapati kitu. Zikishapigwa mbio 15, mechi imekwisha.

Mchezo huu ulitoka Australia. Huko West Maitland, New South Wales, mwaka 1923, Johnnie Hoskins aliandaa mbio za pikipiki katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, na jina lake likabaki kwenye historia kuwa baba wa mchezo. Uingereza yalikuwapo majaribio mwaka 1927, lakini siku inayohesabiwa ni tarehe 19 Februari 1928, pale High Beech, ndani ya msitu wa Epping kaskazini-mashariki mwa London. Watu walimiminika kwa maelfu kupita matarajio ya waandaaji. Kabla mwaka haujaisha viwanja vilikuwa vimechipuka nchi nzima, na mwaka 1929 ligi zikaanza. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ikapigwa Wembley mwaka 1936, na Lionel Van Praag wa Australia akaibuka mshindi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo neema ilipofurika. London peke yake ilikuwa na timu tano za daraja la juu: Wembley, West Ham, Wimbledon, New Cross na Harringay. Wembley Lions, chini ya Sir Arthur Elvin aliyeuendesha uwanja ule maarufu, walivuta makumi ya maelfu ya watu kwa mechi ya kawaida ya katikati ya wiki, na walikuwa mabingwa mfululizo kuanzia 1949 hadi 1953. Hata hivyo serikali ilitoza kodi ya burudani kwa kila tiketi, na spidiwei ilitozwa kwa kiwango kizito kuliko mpira wa miguu. Promota aliyejaza uwanja aliondoka na sehemu ndogo ya alichokusanya, na aliyejaza nusu aliondoka na deni. Televisheni ilipoingia majumbani na petroli ikagawiwa kwa mgao wakati wa mgogoro wa Suez, klabu zikaanza kupukutika. Kodi ile iliondolewa kwenye michezo mwaka 1957. Mwaka uleule Elvin alifariki, na Wembley haikufungua msimu. Nafuu iliwakuta wengi wamekwisha kuondoka.

Mwaka 1959 ligi nzima ilibaki na klabu tisa: Wimbledon, Southampton, Ipswich, Coventry, Belle Vue, Norwich, Poole, Swindon na Leicester. Naomba msomaji ayashike majina hayo tisa, maana nitayarudia.

Wokovu ulitoka kwa mapromota wadogo walioanzisha ligi yao ya mikoani mwaka 1960, kwenye viwanja vya bei nafuu na waendeshaji wasio na majina. Mwaka 1964 walikosana na wakuu wa mchezo na wakaendesha ligi yao bila idhini. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Shawcross ukazipatanisha pande mbili, na mwaka 1965 ikazaliwa ligi moja ya klabu 18. Mapromota wakaunda chama chao, na tangu hapo wenye klabu ndio wamekuwa wakijitungia kanuni za mashindano yao. Miaka ya 1970 ilikuwa mizuri. Fainali ya dunia ya 1981 ilijaza Wembley kwa mara ya mwisho, Mmarekani Bruce Penhall akashinda, na baada ya hapo fainali haikurudi tena pale.

Sasa tuingie kwenye daftari la promota, kwa maana humo ndimo mchezo huu unamoumizwa.

Mwendeshaji wa spidiwei hapokei mshahara kama mchezaji wa mpira. Ni mtu aliyejiajiri. Pikipiki ni zake, injini ni zake, gari la kuzibebea ni lake, fundi humlipa yeye, na klabu humlipa kwa kila mbio anayoanza na kwa kila pointi anayopata. Mbio moja hutoa pointi sita, kwa hiyo mechi ya mbio 15 hutoa pointi 90 za kugawana. Timu ya nyumbani ikishinda 60 kwa 30, mashabiki huimba, na promota hulipa pointi 60 pamoja na bonasi ya mwendeshaji anayemaliza nyuma ya mwenzake wa timu. Ikishinda 46 kwa 44, analipa pungufu sana, na watu wameona mechi iliyoamuliwa mbio ya mwisho. Ushindi mkubwa ni gharama kubwa. Halafu msimu unapoisha, wastani wa pointi za kila mwendeshaji hupigwa upya, na kanuni huweka kikomo cha jumla ya wastani wa timu nzima ili klabu tajiri isiwazoe nyota wote. Timu iliyoshinda wastani wake umepanda; inapita kikomo; inalazimika kuwaachia baadhi ya mashujaa wake. Nia ya kanuni ni njema na bila hiyo ligi ingekuwa ya klabu tatu. Ila bingwa hulipa mara mbili: kwanza kwa fedha taslimu, kisha kwa kuvunjiwa timu.

Mwendeshaji naye si mwenye tamaa, kama wengine wanavyodai. Injini ya mashindano hufanyiwa matengenezo kila baada ya mbio kadhaa, na mafundi wanaoaminika ni wachache, kazi yao ghali. Methanoli ya injini hununuliwa, matairi ya nyuma huisha upesi, klachi huungua. Akivunjika mfupa wa bega mwezi Mei, mapato hukoma siku hiyohiyo na mkopo wa vifaa hauko likizo. Ndiyo sababu mashabiki wa Uingereza wana desturi, ambayo mimi naiheshimu sana, ya kupitisha ndoo uwanjani kuchangia mfuko wa waendeshaji walioumia.

Na yuko mshindani wa nje. Poland ina ligi tajiri kuliko zote, yenye wadhamini wakubwa na miji inayoutia mchezo fedha za umma. Ligi hiyo huchukua mwisho wa wiki. Sweden nayo ina siku yake. Uingereza, iliyokuwa makao makuu ya dunia, imebakiwa na siku zinazosazwa na wengine, na mapromota walipopanga mechi za daraja la juu ziwe Jumatatu na Alhamisi walifanya hivyo ili nyota wapatikane. Baba mwenye watoto wanaoamka mapema kwenda shule hawapeleki uwanjani Jumatatu usiku. Tai Woffinden, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, mwaka 2013, 2015 na 2018, yako misimu ambayo hakuendesha kabisa katika ligi ya nyumbani kwao.

Kabla hata injini haijawashwa fedha zimekwisha kutoka. Lazima wawepo daktari na magari ya wagonjwa, na gari likiondoka na majeruhi pasipo jingine, mbio husimama. Uzio wa kujazwa upepo kwenye kona umeokoa maisha ya watu, nao una bei yake na matengenezo yake. Kuna bima, waamuzi, nauli za ndege, trekta la kusawazisha njia, tangi la kuimwagilia, tani za changarawe. Kazi nyingi hufanywa na watu wa kujitolea wanaoshika reki mvuani bila kulipwa senti. Kisha mvua yenyewe: ikinyesha saa kumi jioni, mechi huahirishwa, waendeshaji wamekwisha kusafiri, vyakula vimekwisha kununuliwa, na mlangoni hakuna kilichoingia. Mechi za nyumbani ni chache, kuanzia Machi hadi Oktoba, na majira ya baridi ni miezi ya kutoa bila kuingiza.

Yote hayo promota hodari huyamudu. Asilolimudu ni ardhi. Klabu nyingi za spidiwei ni wapangaji, tena wapangaji wadogo. Mwenye uwanja kwa kawaida ni kampuni ya mbio za mbwa au ya kamari. Mapato ya baa na chakula mara nyingi ni yake, siku anapanga yeye, na majirani wanaolalamikia kelele husikilizwa kabla ya klabu. Mji unapokua kuufikia uwanja, eneo lile huwa na thamani zaidi kwa mjenzi wa nyumba kuliko kwa watu elfu moja wenye skafu.

Yale majina tisa sasa. Southampton ilifungwa mwaka 1963. Norwich, alikotamba Msweden Ove Fundin, ikafungwa mwaka 1964 na nyumba zikajengwa. Uwanja wa Leicester wa Blackbird Road uliuzwa mwaka 1983. Belle Vue walifukuzwa na mauzo pale Hyde Road mwaka 1987, uwanja waliouchukulia kuwa hekalu. Wimbledon, walioanza 1928, walisimama mwaka 1991, wakafufuka mwaka 2002, wakashindwana na mwenye uwanja kuhusu pango mwaka 2005. Leo pale Plough Lane, walipokuwa wakizunguka, pana makazi na uwanja wa mpira. Coventry, nao wa 1928, waliendesha katika uwanja wa Brandon kwa mara ya mwisho mwaka 2016 baada ya wajenzi kuununua uwanja. Halmashauri ya mji wa Rugby ilikataa ombi la kujenga nyumba, na rufaa ya wajenzi ikatupwa, lakini uwanja ulikuwa umekwisha kuharibiwa kwa moto na utelekezaji. Swindon nimekwisha kuwataja. Katika tisa, walioingia miaka ya 2020 wakizunguka juu ya ardhi ileile ni Ipswich na Poole tu.

London, mji wa timu tano, haina hata moja. Pale Custom House, ulipokuwa uwanja wa West Ham, zipo nyumba, na mitaa yake imepewa majina ya watu wa spidiwei. Uko mmoja wa Hoskins. Wolverhampton nao, walioanza Monmore Green mwaka 1928, waliambiwa na kampuni ya kamari iliyomiliki uwanja kwamba msimu wa 2023 ndio wa mwisho. Eastbourne walijitoa katikati ya msimu wa 2021, Newcastle wakajitoa katikati ya ule wa 2022. Hao walilemewa na gharama na majeruhi kuliko ardhi.

Manchester ilijaribu dawa nyingine. Mwaka 2016 ulifunguliwa Gorton uwanja wa taifa wa spidiwei, uliogharimu pauni milioni 8, kwa ajili ya Belle Vue. Usiku wa ufunguzi, uwanja ukiwa umejaa, njia ilionekana haifai na mbio zikaahirishwa. Hasara ya siku ile na madeni yaliyofuata viliwang'oa mapromota kabla ya mwaka kwisha, na chama cha mapromota kikalazimika kuingilia kati. Lakini jengo lilibaki. Uongozi mwingine ukaja, njia ikatengenezwa vizuri hata ikasifiwa kuwa bora nchini, na mwaka 2022 Belle Vue wakawa mabingwa. Wangekuwa wapangaji wa kampuni ya mbio za mbwa, makosa ya mwaka ule wa kwanza yangewazika. Glasgow Tigers, huko Uskoti, walikwenda mbali zaidi: wenye klabu waliununua uwanja wa Ashfield, wakawa wenyeji kwao.

Hukumu yangu ni hii: kanuni za pointi zitabadilishwa mara mia, siku za mechi zitahamishwa, na klabu zitaendelea kufa mpaka zimiliki ardhi au zipewe ardhi ya halmashauri kwa mkataba mrefu. Wapo wanaosema vijana hawaupendi tena mchezo, na kweli wapenzi wamepungua. Ila Coventry hawakukosa watazamaji waliotaka kuingia, walikosa lango.

Wasomaji walioko Leicester, ambako familia nyingi za Afrika Mashariki zimeishi tangu miaka ya 1970, wana njia ya spidiwei pale Beaumont Park, iliyojengwa na watu waliokaa bila timu kwa zaidi ya miaka 25 na hawakukata tamaa. Walioko Manchester wanayo ya Gorton, walioko Glasgow wanayo ya Ashfield. Nendeni mkaione, na tiketi zenu kalipieni langoni, kwa kuwa kiingilio ndicho fedha ya kwanza inayolipa pointi za usiku ule.