Magoti ya Shosh Yamekaza? Hii Hapa Njia ya Kuyanyoosha na Leso, Kiti na Ukuta Tu

Kama ocha yako ni Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru ama pande za Nanyuki, hii unaijua vizuri. Shosh akiamka anakaa kwanza kando ya kitanda kabla asimame. Hatua za kwanza ni za kuchechemea, halafu pole pole mguu unafunguka. Ukimuuliza anakwambia "ni maru tu," yaani magoti, kisha huyo, ameenda kukamua. Wewe ukiwa Nairobi unamtumia doh ya dawa, anameza, zinaisha, na Jumapili ukipiga simu stori ni ile ile.

Mara nyingi hiyo huwa ni osteoathraitisi, goti lililolika kwa miaka mingi. Na kitu chenye wataalamu wa viungo karibu kote duniani huanza nacho si operesheni. Ni mazoezi. Yenye tutaangalia sana hapa ni ya kunyoosha, na wewe ndiye utamwonyesha, juu ile karatasi ya hospitali huishia kufungia chumvi.

Kwanza ujue nini kinaendelea huko ndani. Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana kwenye goti, na kila mmoja umevikwa gegedu, utando mgumu lakini telezi unaofanya mifupa isikwaruzane. Gegedu ikilika, mifupa huota vinundu pembeni, goti linavimba mara kwa mara, na mtu anaanza kuogopa kulikunja ama kulinyoosha mpaka mwisho. Sasa misuli inayolizunguka inazoea hivyo. Inafupika, inakaza, halafu inaisha nguvu. Gegedu iliyolika hairudi kwa kunyoosha, na yeyote anayekuuzia hiyo anataka pesa yako. Lakini msuli uliokaza unalegezeka, na ulioisha nguvu unaweza kuongezwa, hata kama mwenye goti ana miaka 75.

Usimwambie ni ugonjwa wa baridi. Ile gathano ya Juni mpaka Agosti, wakati ukungu wa Nyeri unakaa hadi saa sita, kweli hufanya viungo viwe vigumu zaidi, lakini siyo iliyokula goti. Walio hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, wanawake kuliko wanaume, wenye uzito mwingi, waliowahi kuumia goti, na wale ambao kazi yao ni kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo. Hapo kwa kazi ndipo mlima unaingia. Fikiria mtu ambaye amechuna majani chai miaka 40 kwenye miteremko ya Chinga ama Gathuthi, kikapu mgongoni, kisha anabeba mpaka senta. Ama yule wa Mwea anayepanda mpunga ndani ya tope, ama wa Kieni anayechimba viazi akiwa amepiga magoti. Ongeza kukamua ng'ombe umechuchumaa, choo cha shimo, na Jumapili kupiga magoti kwenye mbao. Na kama umewahi kumsikia akisema kushuka ndiko kunamuua kuliko kupanda, hadanganyi. Kwa kushuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki, na breki zikiwa zimechoka mzigo wote unaangukia goti.

Kwa hivyo ile form ya "keti tu shosh, usitembee, tutakufanyia kila kitu" ni upendo, lakini inamharibu. Goti linalokaa bila kazi linakaza zaidi, paja linakonda, na mwaka ukipita yule mama aliyekuwa akienda soko ya Karatina peke yake sasa anangoja mtu wa kumpeleka mpaka choo.

Dawa nayo tuiseme. Diclo na brufen hupunguza maumivu, hakuna ubishi. Zikimezwa kila siku kwa miezi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, na shosh wengi tayari wako na presha. Ile jeli ya kupaka juu ya goti huingia kwa damu kidogo sana ukilinganisha na tembe, kwa hivyo muulize mfamasia kuhusu hiyo kwanza. Halafu kuna ule unga usio na jina unaouzwa umefungwa kwa karatasi. Ukiona umemaliza maumivu yote usiku mmoja, ogopa. Sehemu nyingi duniani dawa za aina hiyo zimepimwa zikapatikana zimechanganywa na steroidi.

Sasa twende kazi. Msuli baridi haunyooshwi, hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na kwa hewa ya mlimani usiiruke. Usimtoe mtu kitandani saa kumi na mbili asubuhi uanze kumvuta mguu. Acha kwanza atembee dakika 5 kwa boma, alishe kuku, achote maji, chochote. Ama aweke chupa ya maji moto iliyofungwa na taulo juu ya goti kwa dakika 15. Wakati mzuri kabisa ni baada ya kuoga maji moto jioni.

Sheria ya pili: vuta polepole mpaka asikie msuli unavutika, simama hapo, hesabu mpaka 30, achilia. Hakuna kurusharusha mguu kama mchezaji wa akiba anayetaka kuonekana na kocha. Apumue kawaida. Akikunja uso, umepita kipimo, rudi nyuma kidogo.

Anza na nyuma ya paja, kwa sababu hapo ndipo wengi wamekaza zaidi. Alale chali kitandani, mguu mmoja umekunjwa, unyayo umekanyaga godoro. Achukue leso, aizungushe kwenye unyayo wa ule mguu mwingine, ashike ncha zote mbili, kisha auinue mguu juu pole pole goti likiwa karibu kunyooka. Utaona anafika mahali mguu unakataa. Hapo ndipo pa kuhesabu 30. Mara 2 ama 3, halafu abadilishe mguu. Kama kulala chali kunamsumbua, akae ukingoni mwa kiti, mguu mmoja umenyooka mbele kisigino chini, ainame mbele kutoka kiunoni huku mgongo ukiwa umenyooka. Kazi ni ile ile.

Shavu la mguu linafuata. Asimame akitazama ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja mbele umekunjwa kidogo, mwingine nyuma umenyooka. Kisigino cha nyuma kisiinuke. Aegemee mbele mpaka avutike hapo nyuma ya muundi. Hili linasaidia sana watu wa miteremko, kwa sababu kifundo kikigoma kukunjika, goti ndilo hulipa deni. Hakikisha anaegemea ukuta ulio imara, si mabati yanayotikisika.

Mbele ya paja ndiyo ngumu. Ile ya kusimama mguu mmoja ukivuta kisigino kwa makalio, yenye mnafanya kabla ya mechi, usimpe shosh. Ataanguka. Alale kwa ubavu, goti bovu likiwa juu, leso ifungwe kwa kifundo, avute kisigino kuelekea nyuma taratibu. Kikifika nusu tu, hiyo nusu inatosha. Wiki ijayo huenda kikasonga kidogo.

Halafu kuna mbili za goti lenyewe. Ya kwanza: akiwa amelala chali na soksi mguuni, ateleze kisigino kuelekea makalio mpaka goti likunjike linavyoweza, ashike sekunde 5, arudishe. Mara 10. Ya pili ni kinyume chake, na usiichukulie poa. Akae kitandani mguu umenyooka, taulo iliyoviringwa iwekwe chini ya kisigino, kisha akaze paja akijaribu kusukuma nyuma ya goti iguse godoro. Sekunde 5, mara 10. Goti lisilonyooka kabisa humfanya mtu atembee kama amekunja kila hatua, na hiyo inachosha kushinda kulima. Ndiyo maana ule mto anaouweka chini ya goti usiku kucha uondolewe. Unapendeza, lakini unalifundisha goti kubaki limepinda.

Hii yote ikizoeleka ni kama dakika 15. Kila siku ndiyo bora, na isipungue siku 3 kwa wiki. Wiki ya kwanza hataona tofauti kubwa, na hapo ndipo wengi huacha. Mpe wiki 6 hivi. Mpigie simu umuulize, ama mpe kazi mtoto wa darasa la nne anayekaa naye awe kocha. Watoto wanapenda kuhesabu na hawana huruma.

Ukweli mwingine ni kwamba kunyoosha peke yake hakutoshi. Kunamfungulia mlango, lakini kinachobeba mzigo ni nguvu ya paja. Ongeza kitu kimoja tu: kuketi na kusimama kutoka kwa kiti, bila kusukuma na mikono kama anaweza, mara 10, apumzike, arudie. Kiti kiwe cha juu kidogo mwanzoni, si kile kigoda cha jikoni, na kiegemee ukuta kisiteleze.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Kipimo ni kesho yake. Kama kufikia kesho saa kama hiyo goti linauma kuliko lilivyokuwa kabla ya kuanza, ama limevimba, punguza idadi, usiache kabisa. Kama limerudi kama kawaida, endelea na uongeze kidogo.

Kuhusu uzito nitasema mara moja na nisirudie, juu najua vile mathe huchukulia hizo stori. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005, uliofanyiwa wazee wenye uzito mwingi na magoti yaliyolika, ulionyesha kwamba kila kilo unayopunguza inaliondolea goti karibu kilo 4 katika kila hatua. Kilo 5 basi ni kama kumtua mtu mtungi wa lita 20 kila anapokanyaga.

Boma nayo ibadilishwe kidogo. Fimbo ishikwe na mkono wa upande wa goti zima, si upande wa goti bovu kama wengi wanavyofanya. Kwa ngazi, kupanda aanze na mguu mzima, kushuka aanze na mgonjwa. Mteremko wa kwenda mtoni asiushuke moja kwa moja, akate kona kona. Na kama wewe ni yule mtoto wa Nairobi unayetafuta zawadi ya Krismasi, wacha blanketi ya tano. Ita fundi atengeneze kiti cha mbao chenye shimo cha kuweka juu ya choo, na kishikio ukutani. Hakuna kitu kitalipumzisha lile goti haraka kama hicho.

Na wewe unayesoma hii na uko na miaka 23, goti likilia "kr kr" tangu ile mechi ya Ruring'u, hujaachwa nje. Sauti peke yake bila maumivu si shida. Lakini goti lililokatika kano ya ndani ni stori nyingine. Tafiti zinaonyesha karibu nusu ya watu wa aina hiyo huwa na dalili za osteoathraitisi kwenye picha ya eksirei baada ya miaka 10 hadi 20. Usirudi uwanjani na bandeji ya chemisti, rudi baada ya fizio kukuambia paja limerudisha nguvu. Na kama ni kukimbia tu unaogopa, kukimbia kwa kiasi hakuonekani kumaliza goti lisilo na jeraha. Hii ndiyo kaunti iliyomzaa Catherine Ndereba, aliyeshinda marathoni ya Boston mara 4. Tungekuwa tumeshtuka kitambo.

Kuna wakati haya yote yanawekwa kando na mtu anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo: goti likiwa jekundu, la moto na limevimba pamoja na homa, akianguka na ashindwe kukanyaga, goti likikwama lisikunjike wala kunyooka, ama shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma ghafla, kwa sababu hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Kama maumivu yanamwamsha kila usiku na anakonda bila sababu, usingoje pia.

Kwa hali ya kawaida, omba aonwe na fizio. Hospitali kubwa za kaunti kama ya Nyeri, Embu na Meru ziko na idara hiyo. Ziara moja ama mbili za kurekebishiwa mazoezi zinasaidia zaidi ya eksirei ya tatu. Mwende na dawa zote anazomeza, hata zile za kwenye karatasi, na avae sketi pana ama suruali inayopanda mpaka juu ya goti. Wengi hufika na soksi ndefu, marinda matatu na koti, na nusu ya dakika walizopewa zinaishia kwa kuvua.