Joy Adamson na Nyika ya Meru

Joy Adamson, mchoraji na mwandishi aliyepata jina duniani kwa ajili ya simba jike aliyeitwa Elsa, alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau. Siku hizo mji huo ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungary. Leo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi ni Friederike Victoria Gessner. Nyumbani kwao walisema Kijerumani, na Kiingereza alichoandikia vitabu vyake alijifunza ukubwani. Wazazi wake walipoachana alilelewa na bibi yake, na ujana wake akaumalizia Vienna, ambako alisomea piano na kujaribu sanaa kadhaa bila kutulia na hata moja.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara Myahudi. Unazi ulikuwa ukiikaribia Austria, na mume akamtuma Kenya mwaka 1937 akaangalie kama nchi hiyo ingewafaa kuhamia. Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy. Kwa hiyo hakuja kama walowezi wengi wa wakati ule, wenye hati ya shamba na mbegu za kahawa. Alikuja na brashi, na kazi yake ya kwanza nchini ikawa kuchora maua na mimea ambayo mumewe aliikusanya safarini. Michoro hiyo ilimpatia mwaka 1947 nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza.

Kufikia hapo alikuwa ameshaachana na Bally. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, mkuu wa wanyamapori wa mkoa wa mpakani wa kaskazini, na kuhamia Isiolo, mwendo mfupi tu kutoka mji wa Meru. Ndoa hii ya tatu ilidumu kwa jina hadi kifo, ingawa miaka mingi kila mmoja alikaa kambi yake. Mimba zake zote ziliharibika, na hakupata mtoto.

Kabla ya Elsa, kazi yake kubwa ilikuwa picha za watu. Serikali ya kikoloni ilimwajiri kuchora makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa kuwa mavazi hayo yalikuwa yakiachwa upesi. Alizunguka nchi nzima, na upande wa Mlima Kenya aliwachora Wameru, Waembu na Watharaka: wazee wa baraza, wanawake wenye shanga, vijana waliojipamba kwa ajili ya tohara. Mamia ya picha hizo yamo katika makumbusho ya taifa Nairobi, na nyingi zilitolewa kitabuni mwaka 1967. Zina kasoro yake. Mtu husimama peke yake, bila nyumba wala shamba nyuma yake, kama ua lililobanwa katika daftari la Bally. Hata hivyo, anayetaka kujua kijana wa Embu alijipambaje siku ya jando hana kumbukumbu nyingi za rangi zinazozishinda hizo.

Tarehe 1 Februari 1956 George alimuua simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu mwambani. Watoto hao waliletwa Isiolo, wakakataa maziwa siku mbili za kwanza, halafu wakayakubali. Wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo kabisa, Elsa, akabaki, akikua pamoja na pimbi aliyefugwa nyumbani humo na kupenda kulala juu ya paa la Land Rover. Alipokomaa, akina Adamson hawakutaka kumtia kizimbani, na jaribio la kwanza la kumrudisha porini, huko kusini upande wa Wamaasai, lilimwacha mgonjwa na amekonda. Ndipo wakachagua ukingo wa mto Ura, katika nyika ya joto chini ya milima ya Nyambene: mikoma kando ya maji, mbung'o wengi, na kwa sababu ya mbung'o hao ng'ombe wachache.

Hapo Elsa alijifunza kuwinda, akapata dume wa porini, na mnamo Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa mdogo. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, kilitoka mwaka 1960 na kusomwa dunia nzima.

Sehemu ya habari hii isiyosimuliwa sana ni ya wenyeji. Eneo hilo lilikuwa hifadhi chini ya baraza la wilaya la Meru, lililokuwa likiwakilisha watu waliolima na kufuga jirani yake. Mwishoni mwa 1960 baraza lilitaka Elsa na wanawe waondolewe, likisema kwamba simba aliyewazoea binadamu ni hatari kuliko asiyewajua. Hoja hiyo haikuwa ya chuki, na matukio yaliithibitisha upesi. Elsa alikufa tarehe 24 Januari 1961 kwa ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, George akiwa naye na Joy akiwa Nairobi, akazikwa pale pale kambini. Watoto wake, wangali wadogo mno kujitafutia mawindo, wakaanza kuvamia maboma ya Watharaka na kula mbuzi. Wenye mbuzi walijitetea kwa silaha waliyokuwa nayo: Jespah alipigwa mshale, na chembe chake kikabaki mwilini. Hatimaye wote watatu walinaswa na kusafirishwa hadi Serengeti mnamo Mei 1961, Jespah akiwa bado na chembe hicho.

Fedha za vitabu, na za filamu ya Born Free iliyopigwa Naro Moru na kutolewa mwaka 1966, Joy alizielekeza katika mfuko aliouanzisha wa kuhifadhi wanyama. Meru ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyonufaika kwanza, na mwaka 1966 hifadhi ya baraza ikawa mbuga ya kitaifa, yenye kilomita za mraba 870 hivi. Si haki kumpa yeye peke yake sifa hiyo. Ardhi ilitengwa na baraza la Wameru, na gharama ya kukaa jirani na simba ililipwa na Watharaka kwa mbuzi wao.

Joy alirudi Meru na duma aliyeitwa Pippa, aliyekuwa amefugwa na familia ya Kizungu, akamfundisha maisha ya porini mpaka alipokufa mwaka 1969. George naye alikuwa na kambi nyingine humo humo, pamoja na simba waliotumika katika filamu. Mmoja wao alipomjeruhi mtoto wa mkuu wa mbuga, George alihamia Kora, ng'ambo ya mto Tana, mwaka 1970. Joy alijenga makao Naivasha, na miaka ya mwisho ya 1970 akapiga kambi Shaba, Isiolo, akimlea chui aitwaye Penny.

Waliofanya kazi naye walimwona mkali, mwepesi wa kugombana na mwepesi wa kufukuza. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alitoka kambini Shaba kutembea kama desturi yake, na maiti yake ikakutwa njiani. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Madaktari na polisi waliona majeraha ya kitu chenye ncha kali, na kijana aliyekuwa mfanyakazi wake na kufukuzwa akapatikana na hatia ya mauaji. Hakunyongwa, kwa kuwa haikuthibitika kwamba alikuwa ametimiza umri. Alifungwa kifungo kisicho na mwisho maalumu. Mwili wa Joy ulichomwa, na majivu yakawekwa kwenye makaburi ya Elsa na Pippa katika mbuga ya Meru.

Mbuga yenyewe ilipita katika kipindi kigumu baada yake. Mnamo Novemba 1988 majangili waliua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa humo, na tarehe 20 Agosti 1989 George alipigwa risasi na kuuawa Kora. Kwa miaka kadhaa watalii waliikwepa Meru. Ulinzi ulipoimarishwa na wanyama wengine kuletwa kutoka sehemu nyingine za nchi, ilifufuka. Leo ina eneo la vifaru lenye uzio, na simba wanaishi humo bila kulelewa na mtu.