Mgeni Aliyekuja Ndani ya Ini

Mwaka 1865 Turin iliacha kuwa mji mkuu wa ufalme mpya wa Italia. Serikali ilihamia Florence. Mfalme Vittorio Emanuele II, mpenzi mkubwa wa uwindaji, hakuiacha La Mandria, mbuga yake yenye ukuta nje kidogo ya Turin. Mwaka huohuo mbuga hiyo ilipokea ayala kutoka Marekani Kaskazini.

Jina ayala msomaji wa Zaburi analifahamu, ingawa mnyama mwenyewe hatunaye Afrika Mashariki. Kwa mbali anafanana na kulungu wetu, ila pembe za dume zina matawi, nazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Ayala wa Marekani ni mkubwa kuliko wa Ulaya, na kwa mwindaji hiyo ni fahari. Lakini mgeni hupokelewa kwa sura yake. Ini lake nani analiona?

Miaka 10 baadaye Roberto Bassi, mtaalamu wa tiba ya mifugo wa Turin, aliandika juu ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua ayala wa mbuga hiyo. Ndani ya maini alikuta mnyoo bapa mkubwa, akamwita Distomum magnum. Leo anaitwa Fascioloides magna, na anaweza kufikia urefu wa sentimita 8 au zaidi. Kwa hiyo mnyoo wa Marekani aliingia katika vitabu vya sayansi kupitia Italia. Mwaka 1891 Wamarekani walipomkuta kwenye maini ya ng'ombe wao, walimpa majina mapya, na baadaye ndipo ikabainika kuwa ni yuleyule wa Turin.

Safari yake inahitaji maji. Mayai hutoka na kinyesi cha ayala, na yakifika dimbwini huanguliwa. Kiluwiluwi humwingia konokono mdogo, huongezeka humo, kisha watoto wake hutoka na kujigandisha kwenye majani. Ayala akila majani hayo, mzunguko umekamilika. Ukuta wa mfalme ulizuia ayala wasitoke, lakini haukuweza kuzuia mnyoo asienee kwa wanyama waliokuwa ndani.

Ayala wa Marekani wamezoeana naye tangu zamani: ini hujenga kifuko chembamba kumzunguka, na mayai hupita kwenye nyongo hadi nje. Ng'ombe hujenga kifuko kinene kisicho na mlango, na mayai huishia humo. Kondoo na mbuzi hawawezi kumfunga kabisa. Mnyoo huzurura akilitoboa ini, na hata wachache tu wanatosha kuua. Mnyama mmoja anabeba mzigo ule ule unaomwangusha jirani yake.

Katika karne ya 20 mnyoo huyu alionekana Bohemia, kisha katika misitu ya kandokando ya mto Danube: Slovakia, Hungary, Austria, Croatia. Mtu angeweza kumlaumu mfalme kwa yote hayo. Hata hivyo uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba minyoo wa Italia na wale wa Bohemia wana asili tofauti huko Marekani. Yaani kosa lilifanyika zaidi ya mara moja, na watu waliokosea baadaye walikuwa na maandishi ya Bassi tayari.

Hilo ndilo linalonisumbua. Sisi tuliipata sotoka mwishoni mwa karne ya 19. Iliingia Afrika na ng'ombe walioletwa kutoka nje, ikamaliza mifugo ya Wamaasai na nyati wa porini. Leo wanyamapori wanahamishwa kwa malori na ndege, mara nyingi kwa nia njema ya kuwaokoa. Kabla ya kuhesabu pembe, tupime kinyesi. Karantini inachosha na haina picha nzuri ya kupiga, lakini ndiyo hatua pekee inayokuja kabla ya majuto.

Vittorio Emanuele alifariki mwaka 1878. Mwaka 1946 Waitalia walipiga kura wakauondoa ufalme wenyewe. Mnyoo bado yupo La Mandria.