Ruzuku ya maendeleo na makazi ya gharama nafuu, Mji wa Babati

Ruzuku ya maendeleo ni fedha ambazo Serikali Kuu huzipeleka kwenye halmashauri kwa ajili ya miradi ya kudumu. Katika Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kama ilivyo katika halmashauri nyingi za Tanzania, fedha hizo hazijengi nyumba za kuwauzia au kuwapangishia wananchi wa kipato cha chini. Huyafikia makazi kwa njia nyingine: upimaji wa viwanja, barabara za mitaa, mitaro ya maji ya mvua na nyumba za watumishi wa umma. Nyumba ya mwananchi hujengwa na mwenyewe, kwa fedha yake, kidogo kidogo, kuanzia msingi hadi kupaua, na boma lisiloezekwa linaweza kukaa miaka mingi likisubiri bati. Kwa hiyo mipango ya makazi ya gharama nafuu mjini hapa ni, kwa sehemu kubwa, mipango ya ardhi. Jambo linaloamua kama nyumba itakuwa nafuu au ghali ni iwapo kiwanja kimepimwa na kufikiwa na huduma kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

Mji na ukuaji wake

Babati umekaa kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati, kwenye njia kuu ya zamani iendayo Dodoma kutoka Arusha kupitia Kondoa. Wenyeji wa eneo hili ni Wagorowa, ambao huitwa pia Wafiome. Wairaqw kutoka Mbulu, Warangi kutoka Kondoa, Wabarbaig na wafanyabiashara wa makabila mengi wameongezeka baadaye. Nyumba ya asili ilikuwa tembe, yenye paa bapa la miti na udongo. Leo ujenzi wa kawaida ni tofali za kuchoma na bati.

Wilaya ya Babati ilianzishwa mwaka 1985 kwa kuimega Wilaya ya Hanang. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulitengwa kutoka Mkoa wa Arusha na Babati ukawa makao makuu yake, na mwaka 2004 ikaundwa Halmashauri ya Mji, tofauti na Halmashauri ya Wilaya. Hatua ya kuwa makao makuu ya mkoa ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Ofisi zilihitaji majengo, watumishi waliohamishiwa Babati walihitaji vyumba vya kupanga, na mashamba ya pembezoni yakaanza kuuzwa vipande vipande kwa hati za kuandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Lami iliongeza kasi hiyo. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilifunguliwa rasmi na Rais John Magufuli mwezi Aprili 2018, katika hafla iliyofanyika Bonga. Tangu hapo safari ya kwenda makao makuu ya nchi si ya vumbi tena.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 93,108 katika eneo la halmashauri. Kufikia sensa ya 2022 walikuwa karibu 130,000. Kata ni nane: Babati, Bagara, Bonga, Maisaka, Mutuka, Nangara, Sigino na Singe. Baadhi zina sura ya mji kamili, nyingine ni mashamba na malisho. Ndani ya mpaka mmoja kuna mitaa na pia vijiji, na jambo hili huleta ugumu ambao mgeni hauoni kwa haraka: ardhi ya mjini huongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ya kijiji na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, na mchoro wa mipangomiji hauwezi kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila ardhi kuhaulishwa, yaani kubadilishwa kundi kisheria, na wenye mashamba kulipwa fidia.

Jiografia nayo ina amri zake. Ziwa Babati limewahi kufurika na maji kuingia mjini. Mafuriko ya mwaka 1990 ndiyo yaliyoandikwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Upande wa pili kuna mlima na msitu wake wa hifadhi. Mji hauna budi kupanuka kufuata barabara, na ndivyo ulivyofanya, ukielekea Arusha, Singida na Dodoma.

Chimbuko la ruzuku

Utegemezi wa halmashauri kwa Hazina una historia fupi na ya wazi. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, pamoja na ushuru mwingi mdogomdogo. Wananchi walifurahi, na kwa haki kabisa, kwa maana ukusanyaji wake ulikuwa wa kudhalilisha. Lakini halmashauri zilipoteza chanzo chao kikubwa, na Hazina ikaanza kulipa ruzuku ya kufidia pengo. Babati ilizaliwa kama halmashauri ya mji mwaka uliofuata, ikiwa haijawahi kuonja fedha hiyo ya zamani.

Mwaka 2004/05 ilianza Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa. Mgawo wake ulifuata kanuni: asilimia 70 kwa idadi ya watu, asilimia 20 kwa kiwango cha umaskini na asilimia 10 kwa ukubwa wa eneo. Halmashauri ilipaswa kwanza kufaulu tathmini ya kila mwaka kuhusu hesabu, manunuzi na vikao. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kuliko mfumo wowote uliotangulia, kwani diwani wa mji mdogo aliweza kukokotoa mwenyewe alichostahili. Udhaifu ulikuwa katika utoaji: fedha zilizoidhinishwa na Bunge hazikufika zote, au zilifika mwishoni mwa mwaka wa fedha.

Kodi ya majengo, ambayo kwingine duniani ndiyo mhimili wa fedha za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu 2021 hulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa kulipia kabla (LUKU). Kodi ya pango la ardhi huingia Hazina. Mji unapopima viwanja vingi, basi, kodi inayoota juu ya viwanja hivyo huanza kwa kupita mikono mingine.

Mzunguko wa mpango na bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Miezi mingi kabla, Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI) huzijulisha halmashauri ukomo wa bajeti. Kwa nadharia safari huanzia chini: mkutano wa mtaa au kijiji huibua vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, uliosambazwa nchini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kamati ya Maendeleo ya Kata huviunganisha, wataalamu wa halmashauri huvipanga, Kamati ya Mipangomiji na Mazingira na ile ya Fedha na Uongozi huvijadili, Baraza la Madiwani hupitisha. Kutoka hapo kitabu cha bajeti hupita Sekretarieti ya Mkoa na OR-TAMISEMI hadi Hazina na Bunge. Takwimu zote huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa PlanRep.

Kwa kweli safari mbili hukutana njiani, na inayotoka juu ndiyo yenye nguvu. Ukomo ukishatajwa, orodha ya mtaa hukatwa ili itoshe. Wananchi wanaporuhusiwa kuchagua, huchagua darasa, zahanati, kisima na barabara, kwa sababu hivyo vinaonekana na vinahesabika. Ni nadra mkutano wa mtaa kuomba mchoro wa mipangomiji au bikoni za mipaka ya viwanja, ingawa kukosekana kwa vitu hivyo ndiko kutakakowagharimu zaidi: barabara itakapopitishwa baadaye, itapita juu ya kuta za mtu.

Mapato ya ndani nayo yana masharti. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ni ya biashara, si ya ujenzi wa nyumba.

Programu ya kuimarisha miji (ULGSP)

Babati ulikuwa miongoni mwa miji 18 iliyoingizwa katika programu ya kuimarisha mamlaka za miji, iliyoidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2012 kwa mkopo wa dola milioni 255. Mingine ilikuwa Moshi, Singida, Iringa, Njombe, Geita, Korogwe, Kibaha, Bukoba, Musoma na kadhalika. Mkopo ulikuwa wa taifa. Ulipoufikia mji ulikuwa ruzuku. Kabla yake, fedha kubwa za miji zilikwenda kwenye majiji na manispaa za mradi wa miji ya kimkakati, kama Arusha, Mwanza na Dodoma, na Babati ulikuwa mtazamaji.

Fedha zilitolewa kwa kadiri ya matokeo. Wakaguzi wa nje walikuja kila mwaka kupima mambo yaliyokubaliwa: je, mpango kabambe wa mji upo na unafuatwa, mapato ya ndani yamepanda, manunuzi yamefuata sheria, miradi iliyoahidiwa imejengwa, wananchi wamepewa taarifa. Alama ndogo ilimaanisha fedha kidogo. Utaratibu huu ulifanya kitu ambacho miaka mingi ya miongozo haikukifanya, yaani kumpa ofisa mipangomiji nguvu katika kikao cha bajeti, kwa kuwa bila mchoro wake mhandisi asingepata lami.

Sehemu kubwa ya fedha za programu katika miji hiyo ilikwenda kwenye barabara za lami zenye mitaro na taa, stendi, masoko na madampo. Nyumba haikuwamo. Hata hivyo, kwa mji uliokaa chini ya mlima na juu ya ziwa, mtaro mzuri wa mawe una thamani ya moja kwa moja kwa mwenye nyumba: msingi wake hauliwi na maji kila masika. Upande wa pili wa jambo hili hauandikwi sana katika ripoti. Kiwanja kinachofikiwa na lami hupanda bei, kodi ya chumba hufuata, na mpangaji wa kipato kidogo husogea nje zaidi, kule ambako kupima bado.

Upimaji na urasimishaji

Utaratibu wa kuandaa viwanja, Wizara ya Ardhi huuita kupanga, kupima na kumilikisha. Mfano ulioigwa ni mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002 kwa fedha za Hazina: ardhi ilinunuliwa kwa fidia, ikapimwa, ikauzwa, na mauzo yakarudisha mtaji. Kwa mwaka 2021/22 serikali ilitenga shilingi bilioni 50 za kuzikopesha halmashauri bila riba kwa kazi hiyo. Mantiki yake ni njema, lakini ina mtego. Halmashauri inayotakiwa kurejesha mkopo huuza kiwanja kwa bei inayolipa fidia, upimaji na faida kidogo, na bei hiyo humpita mama muuza mboga wa sokoni.

Pale ambapo watu wamekwisha kujenga, hufanyika urasimishaji: mitaa huchorwa kama ilivyo, wakazi huachiana njia, na kila mmoja huchangia gharama. Serikali iliweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja kwa kazi zinazofanywa na kampuni binafsi.

Nyumba zilizojengwa na taasisi

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba za gharama nafuu Mrara mjini Babati katika mpango wake wa nyumba za wilayani wa miaka ya 2010. Shirika linajiendesha kibiashara, hununua ardhi na kulipa kodi ya ongezeko la thamani, na nyumba yake ya bei ya chini bado ilihitaji mshahara wa kukopesheka benki. Watumishi walinufaika kuliko wakulima.

Nyumba za walimu na waganga hujengwa kwa ruzuku za sekta, yaani za elimu na afya.

Wananchi wa kawaida mkoani Manyara waliwahi kukabidhiwa nyumba kamili kwa fedha za umma, lakini ilikuwa baada ya msiba. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 huko Katesh, Hanang, yaliua watu 89, na serikali ikajenga nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret kwa waliopoteza makazi.

Ulinganisho

Nchini Marekani, tangu 1974, serikali ya shirikisho huipa miji ruzuku ya maendeleo ya jamii, na tangu 1990 ruzuku nyingine mahsusi kwa nyumba za wenye kipato kidogo. Mji hutakiwa kuandika mpango wa miaka mitatu hadi mitano unaohesabu wenye shida ya nyumba, kutoa mpango kazi wa kila mwaka na kuwasikiliza wananchi kabla ya kuutuma. Angalau asilimia 70 ya ruzuku ya kwanza lazima iwanufaishe wenye kipato cha chini na cha kati. Mwongozo wa bajeti wa Tanzania hauna sharti la namna hiyo. Kenya imechagua njia nyingine kabisa, tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, iliyowekewa sheria mwaka 2024.

Hali ya sasa

ULGSP imefungwa. Babati umo katika miji 45 ya mradi wa TACTIC, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, unaosimamiwa na OR-TAMISEMI kupitia Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) na unaohusu zaidi barabara, masoko, stendi na mifereji. Wizara ya Ardhi nayo inaendesha mradi wa milki salama za ardhi, wa dola milioni 150, wenye sehemu ya urasimishaji mijini. Upungufu wa nyumba nchini hutajwa na serikali kuwa takriban milioni tatu.