Waliofungwa na Ardhi: Habari za Nyarubanja

Leo tutasema habari za watu waliofungwa na ardhi pasipo kamba wala mnyororo.

Nianzie Ulaya, kisha nirudi kwetu. Katika Uingereza ya miaka ya 1200, wakulima wengi hawakuwa watumwa, wala hawakuwa watu huru. Mkulima wa namna hiyo alikuwa na kishamba chake, na badala yake alimfanyia kazi bwana wa ardhi, aghalabu siku mbili au tatu kila juma, na zaidi wakati wa mavuno. Akitaka kumwoza binti yake, alilipa ada. Akitaka kuhama, hapana budi aombe ruhusa. Aliyemfunga ni sheria. Kule Urusi hali kama hiyo ilidumu hata mwaka 1861.

Basi, twende Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Huko palikuwa na desturi iliyoitwa nyarubanja. Mkama, yaani mfalme, aliweza kumpa ndugu yake au mtu wake eneo la ardhi pamoja na watu waliokuwa wakikaa humo. Fikirini: mtu huamka asubuhi katika shamba lile lile la babaye, na tangu siku hiyo ana bwana. Bwana huyo aliitwa mtwazi, na mkulima mtwarwa. Mtwarwa alitoa ndizi, pombe, na nguvu za mikono yake.

Mtauliza, mbona hakuondoka? Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ardhi ya Buhaya iliyo wazi, waiitayo rweya, ni nyasi tu, haina rutuba. Kibanja cha migomba hakikuumbwa hivyo; kimetengenezwa. Watu walibeba samadi ya ng'ombe na kutandaza majani, mwaka baada ya mwaka, hata udongo ukawa mweusi. Migomba iliyotunzwa hivyo humlisha mtu, na mwanawe, na mjukuu. Makaburi ya wazee nayo yamo humo humo kibanjani. Kuhama ni kumwachia mtwazi kazi ya babu yako, na babu mwenyewe.

Ninyi wa Chamazi hamna haja ya kwenda Bukoba kulielewa jambo hili. Zamani, kabla ya nyumba kuyameza mashamba, mgeni aliomba mahali pa kulima mihogo akapewa. Lakini akitaka kupanda mnazi, wazee walianza kukohoa! Mihogo hung'olewa ikaisha. Mnazi hukaa, na aliyeupanda hukaa nao.

Zamani za Wajerumani na Waingereza kahawa ikaleta fedha, na ugomvi ukazidi. Mibuni kaipanda mtwarwa, ardhi ni ya mtwazi. Je, fedha ni za nani? Mimi naona swali hili ndilo lililoiua nyarubanja, kuliko hotuba zote.

Mwaka 1963 machifu waliondolewa madarakani kwa sheria, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, wapate kuwa wenye mashamba waliyoyalima.

Kabla ya kipindi kijacho, kila kikundi kimwulize mzee mmoja: ni nani hapa alikatazwa kupanda mti wa kudumu, na alikatazwa na nani? Andikeni majibu katika madaftari yenu.